Grisi ipi, gramu ngapi, kwa mkono au kwa kopo: ulinganisho kwa mwenye mashine ya nafaka

Beringi namba 6310, ambayo utaikuta kwenye mota nyingi za kilowati 22 zinazoendesha vinu vya mahindi, huhitaji gramu 15 za grisi kila inapoongezwa. Ni kama kijiko kimoja cha chakula. Nimefanya kazi kwenye mashine za sembe na kwenye korona, mashine za kukwangua majani ya mkonge ili kutoa nyuzi, kule Tanga, na hadi leo naumia nikimwona kijana ameikumbatia pampu ya grisi, anasukuma mpaka grisi itokeze kwenye sili, ule mpira unaoziba ukingo wa beringi, kisha anajifuta mikono na kusema, "Sasa imeshiba." Haijashiba. Imevimbiwa, na haitachukua muda mrefu itaanza kuunguruma.

Ndiyo maana mtu akiniuliza "Ninunue grisi gani?" huwa simjibu hapo hapo. Namuuliza kwanza anaiingizaje, kiasi gani na baada ya muda gani. Ukikosea kidogo kwenye aina ya grisi lakini ukapatia hayo mengine, mashine inaweza kukuvumilia. Ukinunua grisi ya bei kubwa kuliko zote dukani na kuisukuma ovyo, utakuwa mteja wa kudumu wa duka la beringi. Hapa nitaziweka njia tofauti ubavu kwa ubavu na kusema mimi naegemea ipi.

Oili au grisi

Grisi ni oili iliyoshikwa na kikazio, mara nyingi sabuni, mfano wa sponji iliyonyonya maji. Gololi zinapozunguka, oili hutoka kidogo kidogo kwenye kikazio hicho na kutandaza utando mwembamba kati ya chuma na chuma. Uzuri wake ni kwamba hukaa pale ulipoiweka na husaidia kuzuia vumbi lisiingie. Ubaya wake ni kwamba haiondoi joto wala uchafu. Kilichoingia humo kimeingia. Oili yenyewe huzunguka, hubeba joto na chenga za chuma, na unaweza kuichuja, kuitazama rangi na kuibadilisha yote.

Kwa hiyo mota na shafti ya kinu hupata grisi, giaboksi na kompresa hupata oili. Mtengenezaji ameshakuchagulia na huna sababu ya kumpinga. Niliwahi kufungua giaboksi ya mkanda wa kupandishia mahindi iliyokuwa imejazwa grisi ya kawaida "ili isivuje". Kuvuja kulikoma kweli, lakini meno yalikuwa yamechimba mfereji katikati ya grisi na yanazunguka makavu. Sili iliyoogopwa kununuliwa ilikuwa ya bei ndogo sana ukilinganisha na gia zile.

Grisi ipi: acha kuchagua kwa rangi

Dukani utasikia "nipe ile nyekundu" au "nipe ya bluu, ndiyo ya joto." Rangi ni dawa tu iliyotiwa kiwandani. Grisi mbili za bluu zinaweza kuwa na sabuni tofauti kabisa ndani, na ya kahawia isiyovutia macho ikawa ndiyo iliyofaa mota yako. Soma ubavuni mwa kopo, utafute mambo matatu.

La kwanza ni ugumu, unaoandikwa NLGI na namba kuanzia 000 hadi 6. Namba 2 ina ugumu kama wa siagi ya karanga, na ndiyo inayotumika kwenye sehemu kubwa ya beringi za viwandani. Namba 00 inamiminika kama uji mwepesi. Kama grisi yako inapita kwenye bomba refu, na uko Njombe au Makambako ambako asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali, namba 1 itafika inakokwenda kwa urahisi zaidi.

La pili ni mnato wa oili iliyomo ndani ya grisi, ambao wanunuzi wengi hawautazami kabisa. Hupimwa kwa sentistoki kwenye nyuzi joto 40. Mota ya umeme na shafti ya kinu inayozunguka mara 3,000 kwa dakika zinataka mnato wa kiasi cha 100 hadi 150. Shafti nzito iendayo polepole, kama ya kichanganyio au ya mkanda wa mzigo, inataka 220 au hata 460, kwa sababu mwendo wa pole hauna nguvu ya kujenga utando wa oili nyepesi. Ukiweka ya 460 kwenye mota ya kasi, itachemka bila sababu.

La tatu ni aina ya kikazio: sabuni, au poliurea ambayo si sabuni. Hapa jedwali linasaidia:

| Grisi | Joto la kazi ya kila siku | Ikikutana na maji | Mahali pake |
|---|---|---|---|
| Lithiamu ya kawaida | hadi karibu nyuzi 120 | inavumilia kiasi | shafti na beringi za kawaida, sehemu kavu |
| Lithiamu changamano | hadi karibu nyuzi 150 | inavumilia kiasi | vinu vinavyofanya kazi saa nyingi, beringi zenye joto |
| Poliurea | hadi karibu nyuzi 150 | inavumilia vizuri | mota za umeme, beringi zilizofungwa za kudumu |
| Sulfoneti ya kalsiamu | hadi karibu nyuzi 150 | inahimili kuliko zote hapa | korona za mkonge, pampu, sehemu zinazooshwa |

Kwenye korona nilijifunza thamani ya mstari wa mwisho. Pale maji yanamwagika wakati wote na utomvu wa mkonge una asidi. Lithiamu ya kawaida tuliyokuwa tukiweka iligeuka kuwa maziwa na kuchuruzika. Sulfoneti ya kalsiamu ni ghali, lakini kwenye mazingira yale inakaa na kuzuia kutu. Kwenye kinu kikavu cha sembe, fedha hiyo utakuwa umeitupa. Lithiamu changamano inakutosha.

Tahadhari kubwa ni kuchanganya. Mota mpya nyingi hutoka kiwandani na poliurea. Fundi anakuja na ndoo yake ya lithiamu na kuongeza juu. Poliurea nyingi hazipatani na lithiamu: mchanganyiko hulainika na kukimbia kama mafuta ya kula, au hukakamaa na kubana oili isitoke. Hapo hutaona kosa siku ile ile. Ukilazimika kubadilisha aina, fungua kava, ondoa ya zamani yote, safisha, kausha, ndipo uweke mpya. Ukiwa na mashaka, baki na ile iliyomo.

Kuna mota nyingi ndogo ambazo hazitaki grisi yako kabisa. Ukiona beringi imeandikwa 2RS au ZZ, imefungwa pande zote mbili na grisi yake ya maisha iko ndani. Mota kama hiyo kwa kawaida haina nipo, ile chuchu ya chuma inayopokea grisi. Nimewaona watu wakitoboa kava ili waweke nipo. Wasifanye hivyo.

Ya kupima kwa kilo, ndoo au katriji

Grisi ya kupimiwa kwenye mfuko wa plastiki ndiyo rahisi zaidi kwa kilo. Ndoo inafuata. Katriji ya gramu 400, ule mrija uliofungwa unaoingia ndani ya pampu, ndiyo ghali kuliko zote ukipiga hesabu ya kilo kwa kilo, na ndiyo ninayoipendekeza kwa kinu cha unga.

Sababu ni vumbi. Ndoo iliyo wazi ndani ya jengo la kusagia hupata ngozi ya unga ndani ya siku moja, na fundi anachota ngozi hiyo kwa kijiti na kuitia kwenye pampu. Utando wa oili kati ya gololi na njia yake una unene usiofika hata mikroni moja mara nyingi, wakati unywele wa kichwani una mikroni 70 hivi. Punje ya mchanga tusiyoiona kwa macho ni jiwe la kinu kwa beringi. Katriji inafunguliwa ikiwa ndani ya pampu, haiguswi na mkono. Na kwa gramu 15 kila mara, katriji moja inahudumia beringi ya mota mara 26. Tofauti ya bei ukiigawa hivyo haistahili hata kubishaniwa.

Kwa wenye mapipa ya oili nje ya jengo: pipa lililosimama chini ya mvua hukusanya maji juu ya kifuniko. Mchana linapata joto na kutoa hewa, usiku linapoa na kufyonza, nalo hufyonza maji yale kupitia vizibo hata vikiwa vimekazwa. Lilaze ubavu, vizibo viwili vikae usawa mmoja, mkono wa kushoto na wa kulia, oili ikivifunika kwa ndani. Au liingize ndani, ndiyo bora.

Pampu ya mkono au kopo la kujisukuma

Pampu ya mkono ni rahisi kununua, na ina faida moja nisiyoiona ikitajwa: inamleta mtu kwenye mashine. Anayeweka grisi ataona mkanda uliolegea, atasikia mlio mpya, atagundua boliti iliyokatika. Hatari yake ni nguvu. Pampu ya kawaida ya mkono inaweza kutoa msukumo wa zaidi ya bar 300. Tairi la gari dogo lina bar 2 hivi. Sili ya mpira haina uwezo wa kuzuia msukumo huo; hukunjika, na kuanzia siku hiyo unga una mlango wazi. Kwenye mota, grisi iliyozidi hupita kando ya shafti hadi kwenye nyaya za koili, inashika vumbi, na mota inaungua huku mwenye mashine akilaumu umeme.

Dawa ya hatari hiyo haina gharama. Pata kiasi kwa hesabu: zidisha kipenyo cha nje cha beringi kwa upana wake, vyote kwa milimita, kisha zidisha kwa 0.005. Jibu ni gramu. Ile 6310 ina kipenyo cha 110 na upana wa 27, jibu ni 14.85. Beringi ya shafti ya kinu namba 22312 ina 130 kwa 46, inapata kama gramu 30. Halafu ipime pampu yako: sukuma mara kumi juu ya karatasi, weka kwenye mizani ya dukani. Ikiwa zimetoka gramu 14, msukumo mmoja ni gramu 1.4, na mota yako inataka misukumo kumi au kumi na mmoja. Andika namba hiyo kwa rangi kando ya nipo. Kila pampu ina namba yake, kwa hiyo ukinunua nyingine upime upya. Kama mota ina kibati cha mtengenezaji kinachotaja gramu na saa, kifuate hicho, uache hesabu yangu.

Kabla ya kusukuma, futa nipo kwa kitambaa safi na ufungue kizibo cha kutolea grisi chini ya kava. Sukuma taratibu mashine ikiwa inazunguka, kama nipo iko mahali salama, mbali na mkanda na puli. Kama haiko salama, izime kwanza. Acha kizibo wazi nusu saa hadi saa moja mashine ikifanya kazi, iliyozidi itoke yenyewe, ndipo ufunge.

Kopo la kujisukuma ni chombo kidogo kinachofungwa penye nipo, mara nyingi cha mililita 60 au 125, na hutoa grisi kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Kopo la mililita 125 lililopangwa miezi sita hutoa kama mililita 0.7 kwa siku. Beringi inapenda mlo wa namna hiyo. Kuna makopo ya aina mbili. La gesi ni rahisi zaidi, ila joto hulichezea: jengo likipata joto kali linatoa haraka na kuisha kabla ya siku zake. La mota ndogo na betri linatoa kwa usahihi zaidi, na bei yake inapanda.

Naliegemea kopo sehemu tatu tu: palipo juu au hatari kufika, panapotaka grisi kila siku au kila wiki, na kwenye mashine isiyo na mtu wa kuaminika wa kuipaka. Kwenye kinu kimoja chenye nipo nne unazozifikia ukiwa umesimama chini, sioni sababu. Na ukilifunga, litazamwe kila wiki, maana bomba likiziba kopo linaonekana limejaa na kila mtu anaridhika huku beringi inakauka. Kopo pia huendelea kutoa hata mashine ikiwa imezimwa, usipolizima. Msimu ukiisha, lizime.

Kwa kalenda, kwa saa au kwa hali ya beringi

Sehemu hii naijali kuliko zote, kwa sababu ndipo mashine za nafaka zinapotofautiana na kiwanda cha saruji kinachokwenda mwaka mzima. Mahindi yanapovunwa Nyanda za Juu Kusini, kinu hukesha. Baadaye kinaweza kufanya kazi saa mbili kwa siku. Ukipaka "kila mwisho wa mwezi", wakati wa mavuno unakinyima na miezi mingine unakivimbisha.

Kalenda ina heshima moja, haihitaji chombo chochote, na ni bora kuliko kukumbuka mtu anapokumbuka. Saa za kazi ni bora zaidi. Mita ya saa ya kufunga kwenye paneli ya mota haina bei kubwa. Usipokuwa nayo, tumia LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Mota ya kilowati 22 ikibeba robo tatu ya mzigo wake hula kama uniti 18 kwa saa. Kama karibu umeme wote wa mita hiyo unakwenda kwenye kinu, uniti 1,800 ni kama saa 100 za kazi. Tunza risiti za umeme, una daftari la saa tayari.

Saa zenyewe zinafupishwa na joto. Watengenezaji wa beringi hutumia kanuni hii: kwa kila nyuzi 15 beringi inapozidi nyuzi 70, muda kati ya grisi na grisi hugawanywa nusu. Beringi ya nyuzi 85 inapakwa mara mbili zaidi ya ile ya 70. Ya nyuzi 100, mara nne. Vumbi nalo linafupisha, hivyo anza na muda mfupi, uangalie grisi inayotoka, ikiwa bado na rangi na ulaini wake urefushe kidogo.

Njia ya tatu ni kuisikiliza beringi yenyewe. Viwanda vikubwa vina vifaa vya kusikiliza sauti za juu ambazo sikio halizipati; fundi anasukuma taratibu huku akitazama sauti ikishuka, na inapoacha kushuka anaacha. Ni njia nzuri sana na kifaa chake ni ghali. Kwa kinu cha mtaani, kipimajoto cha miale cha viwandani kinakupa sehemu nzuri ya faida hiyo. Kisiwe kile cha kupimia watu paji la uso, hicho kinasoma joto la mwili tu. Pima sehemu ile ile ya kava, saa ile ile ya kazi, kila siku. Baada ya kuongeza grisi joto litapanda kidogo, kisha litashuka ndani ya saa kadhaa. Lisiposhuka, umezidisha, au kizibo cha kutolea kimeziba. Na likipanda siku baada ya siku bila kupakwa chochote, usikimbilie pampu. Tazama mkanda kwanza. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huua beringi ambayo grisi yake ni salama kabisa.

Oili ya giaboksi: ya madini au ya sinthetiki

Ya sinthetiki ya aina ya PAO inahimili joto zaidi, haibadiliki sana kati ya asubuhi ya baridi na mchana wa joto, na mara nyingi hudumu mara mbili au zaidi ya ya madini. Bei nayo ni ya kwake. Kwa giaboksi ndogo isiyounguza mkono ukiigusa, oili ya madini ya mnato uliotajwa kwenye kibati, mara nyingi VG 220, inatosha. Ningelipia sinthetiki kwenye giaboksi ya skurubu yenye gurudumu la shaba, maana msuguano wake ni mkubwa na joto lake halina mahali pa kwenda. Ila kuna sinthetiki ya aina ya PAG isiyochanganyika na ya madini hata kidogo. Ukiiweka juu ya mabaki ya zamani utapata tope.

Kabla ya kutumia fedha kwenye oili bora, itazame tundu la hewa juu ya giaboksi. Kwenye jengo la unga huwa limeziba au liko wazi kabisa. Oili ghali iliyoingiwa na unga na unyevu inaharibika sawa na ile rahisi. Na usizidishe kipimo cha kioo: gia zikizama mno hupiga povu na kujipasha moto.

Karibu na unga, sheria inabadilika

Mnyororo unaopita juu ya unga na beringi zilizogusana na chumba cha kusagia zinastahili grisi au oili yenye alama ya NSF H1. Maana yake ni kwamba viungo vyake vimekubaliwa pale ambapo kilainishi kinaweza kugusa chakula kwa bahati mbaya, na hata hapo kisizidi sehemu 10 kwa milioni. H2 ni kwa sehemu za kiwandani zisizoweza kugusa chakula kamwe. Grisi ya H1 ni ghali kuliko ya kawaida, na sipunguzi neno: sehemu hizo chache, ilipe. Tangu 2019 usalama wa chakula Tanzania uko chini ya TBS, Shirika la Viwango, lakini hata kabla ya mkaguzi kufika, unga huo unakwenda kupikiwa uji wa watoto. Oili chafu ya injini kwenye mnyororo wa kupandishia nafaka, jambo nililolikuta zaidi ya mara moja, haina utetezi wowote.

Ingekuwa fedha yangu

Kinu kimoja cha mtaani, mota ya kilowati 22: katriji za lithiamu changamano namba 2 kwa shafti, poliurea kwa mota ikiwa ndiyo iliyotoka nayo, pampu mbili za mkono zilizopakwa rangi tofauti ili zisichanganywe, mizani, kipimajoto, daftari la uniti. Makopo ya kujisukuma nisingenunua.

Kiwanda chenye vinu vinne na ngazi ndefu za mikanda: ningefunga makopo ya betri kwenye beringi za juu tu, H1 kwenye minyororo yote ya kupandishia, na mtu mmoja awe na jina lake kwenye daftari la grisi. Akienda likizo, daftari likabidhiwe kwa maandishi.

Korona, au mashine yoyote inayolowa kutwa: sulfoneti ya kalsiamu, kiasi kidogo lakini mara nyingi, na sili zikaguliwe kila mashine inaposimama. Hapo ndipo ningeanza kumwaga fedha, hata kabla ya kununua beringi za akiba.